Kumsafirisha paka kwa basi kutoka Mtwara hadi Dar: afike salama, asipagawe

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi ujao tunahamia Dar es Salaam kutoka hapa Chikongola, Mtwara. Nina paka jike, Nunu, ana miaka mitatu na kilo nne hivi, na hajawahi kutoka nje ya mtaa. Mara moja tu tulimpeleka kwa bwana mifugo kwa bajaji: alilia njia nzima, akatoa mate, akajikojolea, akamparura mwanangu. Sasa basi ni la kutwa. Jirani ananiambia nimtie kwenye salfeti aende kwenye buti, mwingine anasema nimpe Piriton alale. Nifanyeje? Mama Warda, Mtwara.

JIBU: Marahaba, Mama Warda. Salfeti hapana, buti hapana, na Piriton tutaifikia. Umeuliza mapema, na hapo umeshajisaidia sana, maana kazi ya kumtuliza paka haifanyiki ndani ya basi. Inafanyika nyumbani, wiki mbili au tatu kabla, na inafanywa kwa boksi na dagaa.

Kwanza tujue Nunu anaogopa nini. Paka anaijua nyumba yake kwa pua kuliko kwa macho. Umemwona anavyosugua mashavu kwenye fremu ya mlango na miguu ya kiti: pale anaacha harufu itokayo kwenye tezi za mashavuni na kidevuni, na kila anapoikuta tena anajua yuko kwake. Ukimtoa ghafla ukamtia kwenye kitu kigeni kinachonuka plastiki mpya, kisha ukawasha injini chini yake, amepoteza kila alama. Kilio cha kwenye bajaji kilikuwa cha hilo. Mate ni jambo jingine kidogo: paka anayetoa mate na kujilamba midomo mara kwa mara mara nyingi ana kichefuchefu cha mwendo, na hofu inakiongeza. Kwa hiyo una mambo mawili ya kushughulikia, na la tatu ambalo hukulitaja ndilo linaloua kuliko yote mawili: joto.

Tuanze na boksi. Lililo bora ni la plastiki ngumu, mlango wa waya mbele, na kifuniko cha juu kinachofunguka, ili siku akigoma kutoka umwinue kwa juu badala ya kumvuta kwa miguu. Kwa paka wa kilo nne, urefu wa sentimita 45 hadi 50, upana na kimo kama 30, vinatosha: aweze kusimama, kugeuka na kujikunja. Usidhani kubwa zaidi ni bora. Kwenye kona na matuta atateleza kutoka upande huu hadi ule, na kuteleza kunazidisha kichefuchefu.

Kama hulipati Mtwara na huna wa kukuletea, chukua makapu mawili ya plastiki ya nguo, yale ya mstatili yenye matundu pande zote, yawe saizi moja. Moja likae chini, jingine ulipindue juu yake. Upande mmoja mrefu uunganishe kwa kebo tai nne au tano, zile za plastiki wanazofungia nyaya mafundi umeme, zisikazwe sana ili pafunguke kama kifuniko. Upande wa pili na ncha zote mbili ufunge kwa kamba ya katani unayoweza kuifungua. Kata ncha za kebo tai zisimchome. Tenga la plastiki la kuku nalo linafaa kwa hewa, ila ni pana mno kwa kupakata na litahitaji nafasi sakafuni. Boksi la katoni usilithubutu: likishalowa mkojo chini hulegea, na paka mwenye hofu analichana kwa dakika chache. Kapu la ukindu analifumua kwa kucha. Salfeti haipitishi hewa ya kutosha, joto lake mwenyewe linamrudia, na akijirusha humo hakuna anayejua amekaaje.

Ndani ya boksi, kwenye sakafu yake, tandika hivi: kipande cha nailoni nzito, juu yake pampasi ya mtoto iliyofunguliwa na kubandikwa, kisha kitambaa alicholalia Nunu kwa wiki nzima bila kufuliwa. Pampasi ifunikwe kabisa, asije akaichana na kula zile chembechembe za ndani. Beba pampasi tatu za akiba, vitambaa viwili na mfuko wa plastiki wa kutilia uchafu.

Sasa mazoezi. Leo hii litoe boksi, ondoa mlango au kifuniko, liweke pale anapopenda kulala mchana, na uache hapo hapo. Chukua soksi safi ya pamba, msugue taratibu mashavuni na kidevuni akiwa ametulia, kisha isugue kwenye kona za ndani za boksi, kwa kimo chake. Rudia kila siku. Dagaa mmoja mmoja, mkavu, asiye na chumvi, uwekwe hatua moja kutoka kwenye boksi, kesho mlangoni, keshokutwa ndani kidogo, kisha nyuma kabisa. Usimsukume. Paka wengi huanza kulala humo wenyewe kabla ya wiki kwisha, hasa ukifunika kwa kanga pakawa na giza.

Akishaingia kwa hiari, funga mlango kwa kadiri ya kula dagaa mmoja, ufungue kabla hajaomba kutoka. Baadaye nusu dakika, dakika mbili, tano, kumi. Kisha linyanyue boksi, lizungushe chumbani, lirudishe. Libebe kwa kulikumbatia kwa chini, si kulining'iniza kwa mpini likipiga magoti yako. Wiki ya pili zungumza na bajaji wa mtaani: siku moja Nunu akae ndani ya bajaji iliyozimwa dakika tano, siku nyingine injini ikiwaka bila kuondoka, siku nyingine mwende hadi kona na kurudi nyumbani. Kurudi nyumbani ndiko kwenye maana. Safari yake pekee iliishia kwa sindano, kwa hiyo kwake bajaji na sindano ni kitu kimoja. Unahitaji safari kadhaa fupi zinazoishia kwenye sahani ya chakula ili wazo hilo lilegee.

Kipimo chako katika hatua zote ni dagaa. Akimkataa dagaa anayemlilia kila siku, umevuka uwezo wake. Rudi hatua moja, ukae hapo siku mbili. Na ukimya usikudanganye. Paka aliyejikunyata chini, mboni za macho zimepanuka hadi macho yanaonekana meusi, masikio yamelala pembeni, hajatulia hata kama halii. Aliyetulia anabadilisha mkao, anafumba macho polepole, anajilamba manyoya, anakula.

Juu ya dawa. Piriton humlewesha kidogo tu na haigusi hofu, na wapo paka inaowachangamsha badala ya kuwalaza. Mbaya zaidi ni vidonge vya Valium ambavyo wengine huomba duka la dawa: vikipewa paka kwa mdomo vinaweza kuharibu ini ghafla, na haijulikani mapema ni paka yupi. Panadol usimpe hata robo. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumwua. Hata ile dawa ya zamani ya kulegeza wanyama, asepromazini, siipendekezi kwa njia hii: inalegeza misuli huku hofu ikibaki pale pale, inashusha presha, na inavuruga uwezo wa mwili kujipoza, jambo ambalo kwenye joto la Kilwa ni kumtafutia balaa.

Dawa ya kumwuliza daktari wa mifugo ni gabapentini. Kwa paka mzima mwenye afya kiasi cha kawaida ni miligramu 50 hadi 100 kwa mara moja, saa mbili hadi tatu kabla ya kuondoka, na inamshika kwa muda wa saa nane hivi. Kwa basi la saa 12 asubuhi maana yake ni kumpa saa 9 au 10 alfajiri. Unga wa kapsuli unachanganywa na kijiko kimoja cha chai cha mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake. Ataonekana mlevi, atayumba akitembea, ndivyo ilivyo. Lakini lazima ijaribiwe nyumbani wiki moja kabla, siku uliyo na nafasi ya kumwangalia, kwa sababu kiasi kinachomtuliza paka mmoja kinamlaza mwingine hadi hawezi kusimama. Daktari ndiye aandike kiasi, na mwenye tatizo la figo hupunguziwa. Kama mazoezi ya bajaji yatakwenda vizuri lakini mate na kutapika vikaendelea, mwambie daktari pia, kwani ipo dawa ya kuzuia kutapika, maropitanti, na kuipata mapema ni bora kuliko kubahatisha stendi.

Makaratasi hayachukui muda mrefu. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ikiwa ndiyo ya kwanza, achomwe angalau mwezi mmoja kabla, kwa hiyo nenda wiki hii. Chukua kadi, kisha muulize afisa mifugo wa kata au wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani akuandikie kibali cha kumsafirisha. Akikupa dawa ya viroboto, hakikisha ni ya paka. Zile za mbwa zenye permethrini huwatetemesha paka hadi kufa. Na usimwogeshe kabla ya safari, utakuwa umemfua ile harufu yake mwenyewe.

Tiketi ikate ofisini, usingoje kubishana na konda mlangoni. Waambie una paka ndani ya boksi lililofungwa, lina ukubwa gani, na uulize kama utalipia kiti cha pili. Kama uwezo upo, kilipie. Chagua kiti cha katikati ya basi, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Viti vya nyuma vinarusha. Kwa kuwa mnaelekea kaskazini, jua la asubuhi litakuja upande wa dereva, basi kaa upande wa mlango. Mchana jua likishavuka utosi litahamia kwenu, na hapo boksi lisogee upande wa ujia na kanga iteremke upande wa dirisha. Basi la usiku, kama lipo na mnaliamini, linakuondolea jua lote, na giza kwa paka ni faraja. Kwa miezi ya Novemba hadi Machi ningechagua la usiku.

Usiku wa kuamkia safari, mpe chakula saa 2 usiku, kidogo kuliko kawaida, na sahani iondoke saa 4. Maji yabaki. Tumbo likiwa tupu kwa saa nne hadi sita au zaidi, hata akichefuka hakuna cha kutapika. Kukaa kutwa bila kula hakumdhuru paka mzima mwenye afya, ingawa kitoto cha chini ya miezi minne hakivumilii hivyo na hupewa kidogo kidogo. Maziwa asipewe kabisa, maana paka wakubwa wengi hawayeyushi sukari yake, na kuhara ndani ya basi hakuna atakayekusamehe. Na usiku huo huo mfungie chumba kimoja pamoja na boksi lake na beseni lake la mchanga. Mizigo inapobebwa alfajiri milango iko wazi, watu wanapita, na paka anayefukuzwa chini ya kitanda dakika ishirini kabla ya basi amekwisha kupagawa kabla ya kufika stendi.

Ndani ya basi, boksi likae juu ya kiti likiwa limefungwa kwa mkanda, au sakafuni kati ya miguu yako na kiti cha mbele. Kabla ya kuliweka sakafuni, weka kiganja chini. Kuna mabasi ambayo sakafu inachemka juu ya bomba la moshi au gia. Kipande cha godoro cha unene wa sentimita tano kinazuia joto na kupunguza mtikisiko. Funika pande tatu kwa kanga nyepesi, moja tu, upande unaokutazama ubaki wazi ili hewa ipite na umwone. Kitenge kizito hapana.

Atalia. Nusu saa ya kwanza, hata saa nzima hadi mkaribie Mingoyo, ni kawaida. Mwongeleshe kwa sauti ya chini, mpe kidole mlangoni akinuse, kisha nyamaza naye. Kosa la wengi liko hapa: wanamwonea huruma, wanafungua ili wampakate. Paka mwenye hofu mikononi anapanda juu ya kichwa cha mtu, na dirisha la basi liko wazi. Usifungue boksi mpaka uwe ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa, hata basi likisimama Nangurukuru watu wakila. Mnunulie mkanda wa kifuani, ule unaopita shingoni na nyuma ya mikono ya mbele, umzoeze nyumbani, na asafiri nao. Kola peke yake anaivua kwa kurudi nyuma. Choo kisikusumbue akili. Paka mzima anaweza kujizuia saa kumi na mbili na zaidi, na akijikojolea pampasi iko pale. Kama ni lazima ubadilishe kitambaa, ingia naye chooni pale mnapopumzika, funga mlango, shika kamba ya mkanda, ndipo ufungue.

Na sasa joto, ambalo nalihesabu kuwa hatari ya kwanza ya njia yenu. Paka hutoa jasho kwenye nyayo tu, na njia yake nyingine ya kujipoza ni kujilamba mate yakauke juu ya manyoya. Pwani yetu ina unyevu mwingi hewani, mate hayakauki haraka, kwa hiyo hata kanga uliyoilowesha husaidia tu kama kuna upepo. Kinachofanya kazi ni chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa usiku kucha, ikazungushiwa taulo na kuwekwa kona moja ya boksi, ili aisogelee akitaka na kuiacha akitaka. Beba mbili, ya pili ikae ndani ya magazeti hadi saa 5 asubuhi. Kila mnaposimama mpe maji kwa kifuniko cha chupa. Akikataa, lowesha kidole umpake mdomoni aanze kulamba.

Paka kuhema mdomo wazi, ulimi nje, si jambo la kawaida hata kidogo. Akihema hivyo kwa zaidi ya dakika mbili tatu, toa kanga, mpepee, na mloweshe nyayo, masikio na tumbo kwa maji ya kawaida ya bombani. Maji ya barafu yanabana mishipa ya ngozi na joto linabaki ndani. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na ushee. Likipita 40 ni hatari, na ufizi mwekundu sana, kuyumba au kutapika vikifuatia, shukeni mji wa karibu mtafute daktari wa mifugo, basi liende. Hii pia ndiyo sababu ya kukataa buti: humo hakuna kiyoyozi wala dirisha, mizigo inahama, na akianza kuhema hakuna wa kumwona.

Beba chakula cha siku mbili na lita moja ya maji yake peke yake. Safari ya kilomita mia tano na ushee kwa kawaida inaisha siku moja, lakini wakati wa masika hakuna dhamana: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, abiria walikwama njiani. Mkikwama, boksi liende kivulini na chakula kitolewe kidogo kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa wakati.

Mkishafika Dar, Nunu asikabidhiwe nyumba nzima. Chumba kimoja, mlango umefungwa, madirisha yana wavu mzima. Weka boksi kona, lifungue, ondoka. Beseni la mchanga uliwekee konzi mbili za mchanga wake wa zamani mliokuja nao, liwe mbali na sahani. Akijificha chini ya kitanda hadi usiku, mwache. Wengi hutoka kula watu wakilala. Asipokula kabisa kwa siku mbili, mpelekeni kwa daktari, hasa kama ni mnene, kwani ini la paka mnene asiyekula hujaa mafuta haraka. Soksi ile ya mashavuni irudi kazini: sugua fremu za milango na miguu ya viti vya nyumba mpya, kwa kimo chake.

Nje asitoke kwa wiki tatu au nne. Akitoka mapema atatafuta Chikongola, na Dar ni pana. Siku ya kwanza ya kumtoa iwe asubuhi kabla hajala, mtaa ukiwa kimya, mlango ulio nyuma yake ukiwa wazi, wewe umekaa kibarazani na kopo la dagaa. Dakika kumi, tikisa kopo, aingie, ale.